Imeshinda Programu au Umeshinda Mtambo? Historia Fupi ya Mizani ya Sataranji

Mwezi Desemba 2017 kampuni ya DeepMind ya London, ambayo ni mali ya Google, ilitangaza kwamba programu yake iitwayo AlphaZero ilikuwa imepambana na Stockfish, mojawapo ya programu kali kuliko zote za sataranji wakati huo. Ilichezwa michezo 100. AlphaZero ilishinda 28, ikatoka sare 72, na haikupoteza hata mmoja. Habari zikaenea dunia nzima kwamba mashine iliyojifundisha yenyewe kwa saa chache imeyashinda maarifa yaliyokusanywa na binadamu kwa karne nyingi. Ni wachache waliouliza swali ambalo mnunuzi yeyote wa mchele sokoni huliuliza kabla ya kufungua mkoba wake: mizani yenyewe iko sawa?

Ninafundisha mbinu za utafiti chuo kikuu, na kila mwaka tunapofika kwenye mada ya ulinganishi huwa naiacha sosholojia kwa saa moja na kuwapeleka wanafunzi kwenye historia ya programu za sataranji. Baadhi hucheka. Lakini sijapata uwanja mwingine ambamo watu wamehangaika kwa uwazi kiasi hicho, kwa zaidi ya miaka 50, na swali gumu la kila ulinganishi: ukiwashindanisha wawili wenye nyenzo zisizolingana, matokeo yanakuambia nini juu ya uwezo wao? Swali hili si la wacheza sataranji peke yao. Ni la mtumishi wa umma anayelinganisha halmashauri mbili, la mwanaharakati anayesoma takwimu za serikali, na la mwanafunzi anayeambiwa kwamba shule fulani ni bora kuliko nyingine.

Mashindano kwa telegrafu

Mwaka 1950 Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani, alichapisha makala iliyoeleza namna kompyuta inavyoweza kucheza sataranji. Alionyesha njia mbili. Ya kwanza ni kuchunguza kila hatua inayowezekana hadi kufikia kina fulani, kisha kuchagua iliyo bora. Ya pili ni kuchagua hatua chache tu zinazoonekana kuwa na maana na kuzifuatilia mbali zaidi, kama afanyavyo mchezaji binadamu. Njia ya kwanza inategemea nguvu ya mtambo. Ya pili inategemea busara ya mwandishi wa programu. Tangu siku hiyo suala la programu na suala la mtambo yakafungwa kwa kamba moja, na kuyatenganisha imekuwa kazi ya vizazi.

Mwishoni mwa mwaka 1966 yalianza mashindano ya kwanza mashuhuri baina ya programu na programu. Upande mmoja ilikuwapo programu iliyoandikwa na Alan Kotok na wanafunzi wenzake katika chuo cha MIT, ikasimamiwa na Profesa John McCarthy ambaye wakati huo alikuwa amehamia Stanford. Upande wa pili ilikuwapo programu ya Taasisi ya Fizikia ya Nadharia na Majaribio ya Moscow, iliyotengenezwa katika maabara ya Alexander Kronrod na akina Georgy Adelson-Velsky na Vladimir Arlazarov. Hatua zilitumwa kwa telegrafu, na michezo minne ikachukua takribani miezi 9. Wamarekani walitumia IBM 7090, mtambo wa kuheshimika sana wakati ule. Wasovieti walitumia mtambo wenye kasi ndogo kuliko huo. Matokeo yalikuwa pointi 3 kwa 1, na washindi walikuwa Wasovieti.

Mwenye mtambo dhaifu alishindaje? Maelezo ya kiufundi yanajulikana. Programu ya Kotok ilifuata njia ya pili ya Shannon: katika kila hali ya ubao ilichagua hatua chache na kuzitupa nyingine zote, na mara kwa mara hatua iliyotupwa ndiyo iliyokuwa ya maana. Programu ya Moscow haikutupa kitu. Ilichunguza kila hatua, ingawa kwa kina kifupi. Jambo la kuvutia zaidi ni hili: katika michezo miwili programu ya Moscow iliwekewa kina cha hatua 3, na katika miwili mingine kina cha hatua 5, ikihesabiwa hatua ya kila mchezaji peke yake. Ile ya kina cha 3 ilitoka sare zote mbili. Ile ya kina cha 5 ilishinda yote miwili.

Msomaji makini ataona tatizo mara moja. Mitambo ilitofautiana, mbinu zilitofautiana, na muda wa kufikiri nao ulitofautiana. Mambo matatu yalibadilika kwa pamoja, na michezo ilikuwa minne tu. Tunajua nani alipata pointi nyingi zaidi. Ni sababu ipi kati ya hizo tatu iliyoamua, na kwa kiasi gani, matokeo hayo peke yake hayawezi kutuambia. Na nyuma ya pazia kulikuwa na siasa ya rasilimali: wanafizika wa taasisi ile ya Moscow walilalamika kwamba saa za mtambo, ambazo zilikuwa adimu, zinatumiwa kwa mchezo. Hata pale penye uhaba, mtu aliyeweza kuufikia mtambo ndiye aliyeweza kushindana.

Mlango wazi kwa kila mwenye mtambo

Mwaka 1970, mjini New York, yalianza mashindano ya kila mwaka ya programu za sataranji za Amerika ya Kaskazini. Mwaka 1974 Stockholm ikawa mwenyeji wa mashindano ya kwanza ya dunia. Kanuni ilikuwa nyepesi: njoo na programu yako, tumia mtambo wowote uwezao kuupata. Kwa kweli mitambo mingi haikuja kabisa. Ilibaki nyumbani, mikubwa kama chumba, na hatua zikasomwa kwa simu kutoka ukumbini. Bingwa wa Stockholm alikuwa Kaissa, mrithi wa programu ile ya Moscow, aliyeshinda michezo yake yote minne. Jambo wasilolijua wengi ni kwamba bingwa huyo wa Kisovieti alikuwa akifikiri ndani ya mtambo uliotengenezwa Uingereza na kampuni ya ICL. Ushindi ulihesabiwa wa Moscow, japo chuma kilikuwa cha Mwingereza.

Tusiwalaumu waandaaji wa wakati huo. Usawa wa mitambo haukuwezekana. Programu nyingi ziliandikwa kwa lugha ya mtambo mmoja mahususi, na kuihamisha programu kwenda mtambo mwingine kulikuwa sawa na kuiandika upya. Kwa hiyo mashindano ya wazi yalipima vitu viwili kwa mkupuo: ubora wa fikra za mwandishi, na ukaribu wake na wenye mitambo. Cray Blitz, programu ya Robert Hyatt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern Mississippi, ilitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1983 na tena 1986 ikitumia kompyuta za Cray, ambazo zilikuwa miongoni mwa zenye kasi kubwa kuliko zote duniani. Mwaka 1986 huko Cologne programu nne zililingana pointi kileleni, na bingwa akapatikana kwa hesabu ya kuvunja sare. Hata ukiwa na Cray, sataranji haikukabidhi taji kirahisi.

Wenye kompyuta ndogo za mezani nao walianzishiwa mashindano yao ya dunia mjini London mwaka 1980. Hapo ndipo tunapoona jibu la kwanza la jamii ya sataranji kwa tatizo la nyenzo zisizolingana: kuwatenga kwa madaraja, kama mabondia wanavyotengwa kwa uzito. Ni jibu la haki kiasi, lakini ni la muda, kwa sababu kompyuta ndogo ya leo huwa kubwa kuliko kubwa ya juzi.

Jaribio la Belle

Hatua kubwa ya kifikra ilipigwa na Ken Thompson, mtu yule yule aliyeshiriki kuunda mfumo wa Unix. Yeye na Joe Condon, katika maabara za Bell, walijenga Belle, mashine iliyoundwa kwa ajili ya sataranji pekee, iliyochunguza takribani hali za ubao 160,000 kwa sekunde. Belle ilitwaa ubingwa wa dunia huko Linz mwaka 1980. Lakini mchango wa Thompson ninaouthamini kuliko taji hilo ni jaribio rahisi: aliishindanisha Belle na Belle. Programu ilikuwa moja na maarifa yalikuwa yale yale. Kilichotofautiana ni kina tu. Nakala moja iliruhusiwa kuona hatua moja mbele zaidi ya nyingine, kisha nyingine ikaongezwa, na kuendelea.

Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1982, yalionyesha kwamba kila hatua moja ya kina iliongeza takribani alama 200 hadi 250 za Elo. Kipimo cha Elo, kilichopewa jina la Profesa Arpad Elo, hutafsiri tofauti ya alama kuwa matarajio ya ushindi: aliye juu kwa alama 200 hutarajiwa kupata takribani asilimia 76 ya pointi zote. Kwa mara ya kwanza nguvu ya mtambo ilipewa bei inayoeleweka. Majaribio ya baadaye yalionyesha pia kwamba faida hiyo hupungua kadiri kina kinavyoongezeka. Wapimaji kwa muda mrefu walikadiria kuwa kuongeza kasi ya mtambo mara mbili huleta alama 50 hadi 70, na pungufu ya hapo kila unapopanda ngazi.

Hili ndilo somo la kwanza la mbinu za utafiti ninalotaka wanafunzi waondoke nalo. Thompson hakuuliza nani bora. Alishikilia kila kitu mahali pake, akabadilisha kimoja, akaangalia kinachotokea. Ukijua thamani ya nyenzo, unaweza kuiondoa katika hesabu na kuona kilichobaki.

Mwaka huo huo wa 1982 Belle ilipata mkasa ambao mchambuzi wa siasa hawezi kuupita bila kuugusa. Ikiwa njiani kwenda Moscow kwa maonyesho, ilizuiwa na serikali ya Marekani katika uwanja wa ndege wa Kennedy mjini New York, kwa hoja kwamba kuipeleka ni kusafirisha teknolojia nyeti kwa nchi isiyostahili. Hapo ikawa dhahiri kwamba mtambo si kitu kisicho na upande. Nani aruhusiwe kuwa nao ni uamuzi wa dola.

Watu wa kujitolea na sayansi ya kupima

Mashindano ya dunia yalikuwa na michezo minne au mitano kwa kila programu. Mtu anayetaka kununua programu au kujua ukweli hakuweza kutegemea hayo. Hapo wakaingia watu wa kujitolea. Chama cha kompyuta za sataranji cha Sweden, kifahamikacho kama SSDF, kilianza katika miaka ya 1980 kuchapisha orodha ya nguvu za programu iliyotokana na michezo mingi iliyochezwa na wanachama majumbani mwao, kwa muda mrefu wa mashindano: hatua 40 kwa saa 2. Mwanzoni mtu aliketi kati ya mashine mbili akihamisha hatua kwa mkono. Katika miaka ya 1990 ilipatikana programu ya Mwaustria Chrilly Donninger iliyounganisha kompyuta mbili kwa waya, zikacheza usiku kucha bila mtu.

Uungwana wa Wasweden hao ulikuwa katika jambo moja. Orodha yao haikutaja programu peke yake. Ilitaja programu pamoja na mtambo. Programu ile ile ingeweza kuonekana mara mbili, juu ikiwa kwenye kompyuta mpya na chini ikiwa kwenye ya zamani. Kilichopimwa kilikuwa jozi, na jozi ikaandikwa wazi. Hata hivyo tatizo halikuisha. Toleo jipya likiwekwa kwenye kompyuta mpya na kushindanishwa na toleo la zamani lililobaki kwenye kompyuta ya zamani, pengo linaloonekana ni mchanganyiko wa maarifa na kasi. Mwenye kuuza atadai lote ni maarifa. Msomaji mwangalifu atatafuta katika orodha mahali ambapo matoleo yote mawili yamepimwa kwenye mtambo mmoja, na kama hapapo, ataweka akiba ya maneno.

Katikati ya miaka ya 2000 kikundi kingine cha wapimaji, CCRL, kilikuja na jibu tofauti. Wanachama wake walikuwa na kompyuta za kila aina. Badala ya kulazimisha zifanane, walichagua mtambo mmoja wa rejea, AMD X2 4600+ wa gigahezi 2.4, wakasema: muda rasmi ni dakika 40 kwa hatua 40 kwenye mtambo huu. Kila mpimaji aliendesha programu moja ya kipimo, toleo la Crafty, kuona kompyuta yake ina kasi gani ikilinganishwa na ile ya rejea. Mwenye kompyuta yenye kasi mara mbili alitoa dakika 20. Mwenye kompyuta dhaifu alitoa muda zaidi. Muda ukawa sarafu ya kubadilishia nguvu.

Mfumo huo wa kubadilisha una kasoro yake, nayo inafundisha. Programu mbili hazinufaiki sawasawa na mtambo mmoja. Iliyoandikwa kwa kuuwakilisha ubao kwa namba za biti 64 hupaa ikikutana na prosesa ya biti 64, na nyingine hupata faida ndogo. Kwa hiyo kasi iliyopimwa kwa Crafty si lazima iwe kasi ya kila programu. Kipimo chochote kimoja kinambeba aliyefanana na kifaa kilichotumika kupimia.

Na lipo suala la idadi. Chukua programu mbili zilizo sawa kabisa, zichezeshe michezo 100, nusu yake ikiisha kwa sare. Bahati peke yake inaweza kuonyesha tofauti ya takribani alama 50 kwenda juu au chini. Ukitaka kuthibitisha tofauti ya alama 5, hesabu inadai michezo takribani 10,000. Waendelezaji wa Stockfish walilielewa hili. Tangu mwaka 2013 wana mfumo uitwao Fishtest, ambamo kila badiliko dogo la programu hujaribiwa kwa maelfu ya michezo kwenye kompyuta za watu wa kujitolea. Matoleo mawili hucheza kwenye kompyuta moja, muda hurekebishwa kulingana na kasi ya kompyuta hiyo, na uamuzi hufikiwa kwa mbinu ya kitakwimu iliyotokana na kazi ya Abraham Wald wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hakuna badiliko linaloingia kwa sababu mkubwa amelipenda.

Mdogo amwangushapo mkubwa

Mwaka 1995 huko Hong Kong, programu ya Fritz ya Mholanzi Frans Morsch ilikuja ikitumia kompyuta ya kawaida ya Pentium ya megahezi 90. Miongoni mwa wapinzani wake ilikuwapo mashine ya majaribio ya Deep Blue kutoka IBM, na Star Socrates iliyoendeshwa kwenye mtambo wa Intel Paragon wenye prosesa 1,824. Fritz iliishinda mashine ya IBM, kisha ikaishinda Star Socrates katika mchezo wa ziada, ikawa bingwa wa dunia.

Wapo waliochukua hadithi hii kama ushahidi kwamba nyenzo hazina maana, na kwamba mwenye akili hushinda popote. Siafiki. Mashindano yale yalikuwa ya raundi 5. Miaka miwili baadaye, Mei 1997, Deep Blue iliyokamilika, yenye kuchunguza takribani hali milioni 200 kwa sekunde, ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov kwa pointi 3.5 kwa 2.5. Mdogo anaweza kumwangusha mkubwa siku moja. Hilo haliondoi ukweli kwamba katika michezo mingi uzito wa mkubwa utaonekana. Hadithi za mtoto wa maskini aliyefaulu ni za kweli na za kutia moyo, lakini anayezitumia kukwepa kujenga maabara anazitumia vibaya.

Upande wa pili nao una ushahidi wake. Mwaka 2009 Pocket Fritz 4, ikiendeshwa kwenye simu ya mkononi, ilicheza na mabingwa binadamu mjini Buenos Aires ikapata pointi 9.5 kati ya 10, ikichunguza chini ya hali 20,000 kwa sekunde. Hiyo ni sehemu moja ya elfu kumi ya kasi ya Deep Blue. Hazikuwahi kukutana, kwa hiyo hatuwezi kutaja mshindi kati yao. Lakini ni wazi kwamba miaka 12 ya maarifa ya programu ilikuwa imefidia pengo kubwa mno la chuma.

Mwaka huo huo wa 2009 waandaaji wa mashindano ya dunia, wakiwa Pamplona, waliweka kikomo: hakuna programu kutumia zaidi ya viini 8 vya prosesa. Mwaka mmoja nyuma, huko Beijing, programu ya Rybka ilikuwa imeshinda ikitumia kundi la kompyuta lenye viini 40. Waliopinga kikomo walikuwa na hoja nzito: kuzifanya kompyuta nyingi zishirikiane kutafuta jibu moja ni kazi ngumu ya programu, hivyo kuipiga marufuku ni kuadhibu maarifa kwa jina la usawa. Mwaka uliofuata kikomo kikaondolewa, na baadaye yakaendeshwa mashindano mawili sambamba, moja la wazi na jingine la programu zote kwenye mitambo ya aina moja. Nadhani huo ndio ulikuwa uamuzi wa busara. Walikubali kwamba kuna maswali mawili, na kila moja lina mashindano yake.

AlphaZero mbele ya mizani

Sasa turudi Desemba 2017. AlphaZero ilicheza ikitumia chipu maalumu 4 za Google. Kabla ya hapo, wakati wa kujifunza, chipu za namna hiyo 5,000 zilitumika kuzalisha michezo yake yenyewe. Zile saa chache zilizotangazwa zilikuwa chache kwa sababu ya chipu hizo elfu tano. Stockfish ilipewa nyuzi 64 za prosesa, lakini kumbukumbu ya gigabaiti 1 tu ya kuhifadhi hali ilizokwisha kuzichunguza, ikalazimishwa kufikiri dakika moja kamili kwa kila hatua, ilhali imeundwa kujigawia muda wake yenyewe. Tena lilikuwa toleo la mwaka mmoja nyuma. Wapimaji wa kujitolea waliyaona haya siku ile ile, kwa sababu walikuwa na miongo mitatu ya uzoefu wa kuyatafuta.

Haki itendeke kwa pande zote. Mwaka mmoja baadaye DeepMind walichapisha katika jarida la Science mashindano mapya ya michezo 1,000, muda ukiwa saa 3 na nyongeza ya sekunde 15 kwa hatua, na Stockfish ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 32. AlphaZero ilishinda 155 na kupoteza 6, nyingine zikawa sare. Wakaongeza jaribio lililoniridhisha kuliko yote: waliipunguzia AlphaZero muda hadi sehemu moja ya kumi ya muda wa mpinzani, na bado ikawa mbele. Ukosoaji haukulibatilisha dai lao. Ulilazimisha dai hilo lithibitishwe ipasavyo.

Lakini chipu za aina mbili zinalinganishwaje? Prosesa ya kawaida na chipu ya mitandao ya neva hazifanyi kazi moja. AlphaZero ilichunguza hali 80,000 kwa sekunde na Stockfish milioni 70. Jamii ya Leela, programu huria iliyoanza mwaka 2018 ili kuyarudia matokeo ya AlphaZero kwa nguvu za kompyuta za watu wa kujitolea, ilibuni uwiano wake. Milioni 70 ukigawa kwa 80,000 unapata 875. Wakasema: mtambo ambamo Stockfish inachunguza hali 875 kwa kila hali moja ya Leela tutauhesabu kuwa na uwiano wa 1, sawa na ule wa AlphaZero; mwingine wowote tutautajia uwiano wake. Wengine walipendekeza kulinganisha kwa bei ya mitambo, wengine kwa umeme unaoliwa. Kila kipimo kinampendelea mtu. Uwiano wa Leela haukumaliza ubishi, ila uliuweka ubishi juu ya meza, na namba yake ikaandikwa pembeni ya kila matokeo.

Tunajifunza nini

Ukiitazama historia hii yote, utaona majibu manne kwa tatizo moja. Kuna kuacha mlango wazi na kumpa taji aliyeshinda. Kuna kusawazisha mitambo. Kuna kubadilisha tofauti ya mtambo kuwa tofauti ya muda. Na kuna kuchapisha matokeo pamoja na mazingira yake, jozi isiyotenganishwa. Hakuna jibu lililo sahihi kila mahali. Lakini lipo kosa moja ambalo wote walilikataa: kutaja mshindi na kuficha mizani.

Hapa ndipo ninapotaka kusema neno juu ya kwetu. Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha utaratibu wa kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora kitaifa. Wengi tulipumua, kwa kuwa orodha ile ilikuwa mashindano ya mlango wazi: shule ya bweni yenye maabara, maktaba na mwalimu kwa kila somo, dhidi ya shule ya kata ambako mwalimu mmoja wa sayansi anahudumia vidato vyote. Ilipima jozi ya mwanafunzi na mtambo, kisha ikampongeza mwanafunzi peke yake, na kwa namna hiyo hiyo ikamwaibisha mwingine kwa umaskini usio wake.

Hata hivyo kunyamaza si jibu ambalo wapimaji wa sataranji walilichagua, na sidhani kama linatutosha. Orodha mbaya ikiondolewa bila kuwekwa iliyo bora, ule ukosefu wa usawa uliokuwa ukijificha nyuma yake unabaki, ila sasa hauna hata namba ya kuuliza. Ningependa matokeo ya kila shule yachapishwe pamoja na idadi ya wanafunzi kwa darasa, walimu waliopo kwa kila somo, vitabu na maabara. Ningependa tuzione shule zenye nyenzo zinazofanana zikilinganishwa zenyewe kwa zenyewe. Na ningependa tufanye alichofanya Thompson: tujue mwalimu mmoja wa hisabati akiongezwa katika shule ya kijijini anaongeza nini. Hapo mbunge akisimama kutetea bajeti atakuwa na hoja, na mwalimu mkuu wa kijijini hatahukumiwa kwa mizani aliyoishika mtu mwingine.

Vivyo hivyo kwa mifumo ya akili mnemba inayoletwa mbele ya taasisi zetu leo ikiwa na chati za ushindi. Mtumishi wa umma anayetakiwa kusaini mkataba aulize kwanza: ilishindanishwa na nani, kwenye mtambo upi, kwa muda gani, mara ngapi, na nani aliyepima? Maswali haya matano hayahitaji shahada ya kompyuta. Wale Wasweden waliokesha wakihamisha hatua kati ya mashine mbili hawakulipwa na kampuni yoyote ili wayaulize. Sisi tunaolipwa kwa kodi ya wananchi hatuna udhuru wa kutoyauliza.